Mikarafuu ya Marehemu ni ya Nani?



Katika mikutano yetu husemwa sana khabari za bei, za magunia, za majamvi na za ujira wa wachumaji, na ni haki yake kusemwa. Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi, au likisemwa husemwa pembeni baada ya watu kuondoka, nalo ni khabari ya mashamba ambayo wenyewe wamekwisha kufa. Tukihesabu kwa insafu tutaona kuwa si machache. Mkarafuu hukaa miaka mingi kuliko mtu aliyeupanda. Basi wengi wetu twachuma miti ya baba na babu, na kila msimu twazipeleka karafuu kituoni kwa jina letu, kana kwamba marehemu alituachia sisi peke yetu.

Maoni yetu ni haya, na twayasema waziwazi: mwenye kuchuma shamba la marehemu peke yake, bila ya warithi wenziwe kuridhia, amekula mali ya watu. Hatumkusudii mtu. Atakayejiona amekusudiwa, na atazame moyoni mwake.

Natutoe mfano. Mtu amekufa, madeni yake yamekwisha lipwa, na ameacha mke mmoja, watoto wawili wanaume na wawili wanawake, na shamba la mikarafuu 48 ambayo tuseme inalingana kwa uzazi. Mke ana thumni yake, miti 6. Imebaki 42. Kila mtoto mwanamume ana 14 na kila mwanamke ana 7. Hesabu hii hata mtoto wa chuoni aweza kuifanya, na mafungu yenyewe yamekwisha wekwa katika Suratun-Nisaa, si kazi yetu kuyapunguza. Sasa tazameni yanayotendeka. Kaka mkubwa hulishika shamba "kwa niaba ya wote". Msimu wa kwanza mama hupewa fedha zake, na kila dada hupelekewa kitu mkononi. Msimu wa pili huambiwa mavuno yalikuwa haba na wachumaji walitaka ujira mkubwa, basi dada hupelekewa kanga. Msimu wa tatu husikia tu kuwa karafuu zimekwisha uzwa. Akiuliza, huambiwa kuwa yeye ana mume wa kumlisha. Ati! Tangu lini mume wa mtu akawa ndiyo malipo ya mirathi ya baba yake?

Na karani wa kituo cha Shirika hana lawama hapo. Kazi yake ni kutazama ukavu wa karafuu, kupima na kulipa. Hawezi kumwuliza kila aliyeleta gunia kuwa marehemu aliacha watoto wangapi.

Ubaya wenyewe hudhihiri kaka mkubwa naye akifa. Wanawe hulihesabu shamba lote kuwa ni la baba yao, maana tangu wapate akili hawakumwona mwengine akichuma. Shangazi aliyekuwa akinyamaza kwa ajili ya udugu sasa ana wajukuu wasiojua kunyamaza. Mmoja wao huingia shambani usiku na pakacha lake, akakamatwa, akashtakiwa kwa wizi wa karafuu katika miti ambayo fungu lake limo. Tena kwa kuwa hana njia ya kuzipeleka mahali palipowekwa na sheria, huziuza gizani, na hapo amejitia katika magendo, kosa la pili juu ya la kwanza. Hatumtetei. Lakini twauliza: mlango huo ulifunguliwa na nani?

Yapasa wanachama wajue kuwa mrithi hahitaji ruhusa ya kaka yake kudai fungu lake. Mahkama za Kadhi ziko Unguja na Pemba, na sheria inayoziongoza leo ni ile Nambari 9 ya mwaka 2017. Mirathi ya Waislamu ni kazi yao khasa. Iko pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo hugawa tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu. Mwanamke aweza kwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Na asiyejua pa kuanzia asiende kwa wapita njia wanaojiita mawakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 imewatambua wasaidizi wa sheria, na Kituo cha Huduma za Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi Chake Chake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo, katika Sura ya Tatu, imelinda haki ya mtu kumiliki mali, na haikusema mtu huyo awe mwanamume.

Hapa pana fundo moja ambalo huwachanganya hata watu wenye elimu, nalo ni tafauti ya mti na ardhi. Kwetu visiwani mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, na wazee walilijua hilo kabla ya ofisi yo yote ya ardhi kujengwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na tangu mwaka 1965 watu wakagaiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alipewa atumie, hakupewa auze. Sheria ya Ardhi Nambari 12 ya mwaka 1992 imeshika msingi huo huo wa kuwa ardhi ni ya umma, na mtu ana haki ya kuitumia. Basi warithi wa eka tatu wasidhani kuwa wanaweza kupiga mambo wenyewe Ijumaa baada ya sala, wakakata vipande na kumwuzia mgeni kimoja. Miti ina hukumu yake, na ardhi ina hukumu yake. Kwa khabari ya ardhi sharti waende Kamisheni ya Ardhi na ile hati ya marehemu mkononi, kama mchwa hawajaimaliza sandukuni, waulize kwanza kabla ya kutenda.

Twajua kwa nini watu wetu hawapendi karatasi, na hatuwacheki. Katika miaka ya 1920 na 1930, zamani za madeni, mtu alitia kidole chake katika hati asiyoweza kuisoma, akidhani ni bei khiyari na kuwa akilipa shamba litamrudia, na mwisho wake shamba likenda moja kwa moja. Mambo yalifika hadi Serikali ya wakati ule ikatoa sheria mwaka 1934 ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasitoke ovyo mikononi mwao. Khofu ile ikabaki katika nyumba, mzazi akamrithisha mwanawe: usitie sahihi, usiandike. Ilikuwa busara kwa wakati wake. Lakini hatari imehama. Siku hizo mtu alipoteza kwa kuwa karatasi ilikuwapo. Leo hupoteza kwa kuwa haipo. Mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari.

Tuseme Serikali yataka kupanua barabara, na mikarafuu kumi imo katika njia. Mwenye mali ana haki ya fidia. Lakini mwenye mali ni nani? Hati ina jina la mtu aliyekufa zamani, na mbele ya meza wamesimama watu saba, kila mmoja na hadithi yake. Atakayelipwa ni yule mwenye sauti kubwa, au hatalipwa mtu mpaka kesi iishe, na kesi ya namna hiyo twajua mwendo wake.

Wako watakaosema kuwa Chama kimewekwa kwa ajili ya karafuu, kisiingie ndani ya nyumba za watu. Tumeifikiri hoja hii, wala si hoja ya kipuuzi. Hatutaki Halmashauri iwe Kadhi, wala hatutaki kumgombanisha kaka na dada. Lakini shamba lenye ugomvi halilimwi wala halipaliliwi, na miche haipandwi mahali pa ile iliyokufa, kwa kuwa hapana anayetaka kumpandia mwenziwe. Kila mmoja hungoja kuchuma tu. Twaona hilo ni jambo la karafuu kabisa.

Kwa hivyo tutaitaka Halmashauri, katika mkutano wa kabla ya msimu, ikubali kuwa kila mwanachama anayechuma shamba la marehemu alete karatasi moja ya warithi, nakala ikae katika daftari la Chama. Karatasi hiyo haitakuwa hukumu, wala haitashika mahali pa Mahkama. Iandikwe jina la marehemu, mahali pa shamba, idadi ya miti, majina ya warithi wote wanaume kwa wanawake, na nani amekubaliwa kusimamia mavuno, pamoja na sahihi au kidole cha kila mmoja. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Na mwenye dada aliye Unguja au Dar es Salaam ampelekee khabari mapema ili aje mwenyewe au atoe idhini, wala asitiliwe sahihi na mwengine. Karatasi tupu zitapatikana kwa Katibu asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na hazina malipo.