Mazoezi Yaandikwe Kama Dawa Tangu Kemo ya Kwanza

Mama wa mtaa wa Riruta, Nairobi, akimaliza kemo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, nywele huanza kuota tena na majirani humpongeza. Wasichokiona ni nyayo zinazowaka moto usiku, vidole vilivyokufa ganzi visivyoweza kufunga kifungo, na mguu ambao gizani hajui umekanyaga wapi. Akilalamika kliniki, mara nyingi huambiwa: fanya mazoezi. Je, hiyo ni tiba, au ni namna ya kumwondoa kwenye foleni?

Chanzo cha maumivu hayo kinajulikana. Paklitakseli, wanayopewa wengi wenye saratani ya matiti, pamoja na sisplatini, oksaliplatini na vinkristini, huumiza neva, na zile ndefu zaidi zinazofika miguuni ndizo hutangulia. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti 31 na wagonjwa zaidi ya 4,000 ulikuta tatizo hili kwa asilimia 68 mwezi wa kwanza baada ya kemo, na kwa asilimia 30 hata miezi sita au zaidi baadaye. Dawa za jamii ya platini zinaweza kuzidisha hali kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Ndiyo maana aliyeambiwa amemaliza matibabu hushtuka.

Vidonge havina mengi ya kutoa. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ASCO, chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ulipendekeza dawa moja tu kwa maumivu haya, duloksetini, na nafuu yake ni ya wastani. Hakuna vitamini iliyothibitika kuyazuia. Kirutubisho cha asetili-L-kanitini, kilichotumainiwa sana, kilipopimwa kiliongeza madhara. Mgonjwa anayetoa akiba yake ya mwisho kununua virutubisho ana haki ya kuambiwa haya waziwazi.

Kuhusu mazoezi, mwongozo huo uliona ushahidi bado mchanga. Umekua tangu hapo. Mwaka 2024 Fiona Streckmann wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 158. Waliofanya mazoezi ya usawa wa mwili mara mbili kwa wiki, wakisimamiwa, asilimia 30 ndio waliopata tatizo la neva. Kwa waliohudumiwa kama kawaida ilikuwa karibu asilimia 71. Lakini mazoezi hayo yalifanywa kemo ikiendelea. Neva ikishaumia, faida iliyo dhahiri zaidi ni katika kutembea na kusimama bila kuyumba. Kwa maumivu yenyewe ahadi ni ndogo, na mgonjwa asidanganywe. Kwa hiyo tukiyaagiza mazoezi baada ya kemo, tumechelewa. Mimi ningeyaandika kwenye kadi siku ya dripu ya kwanza.

Riruta haihitaji jimu kwa hili. Kuinua visigino ukishika sinki, kuinuka kwenye stuli bila kutumia mikono, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine kandokando ya ukuta, kuvuta kipande cha tyubu kuukuu kama kinachofungia mizigo kwenye bodaboda: yote yanaingia katika chumba kimoja cha kupanga. Hatari nazo zimo humohumo. Champali huchomoka mguuni bila mtu kuhisi. Ngazi za ghorofa hazina taa, mvua ikinyesha vichochoro ni matope, na maji ya kuoga yanaweza kuunguza nyayo zisizohisi, hivyo yapimwe kwa kiwiko. Mtu hawezi kuachiwa haya ayagundue kwa kuanguka.

Anahitaji mtu wa kumfundisha na kumfuatilia. Mtaalamu wa fiziotherapia afundishe kwanza hospitalini, wakati mgonjwa yupo pale kwa kemo, ili asilipe nauli nyingine ya matatu. Mtaani tunao wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, waliozinduliwa rasmi na serikali Septemba 2023 na kupewa mikoba ya vifaa. Wanaingia nyumba ambazo daktari hazifikii. Pingamizi la kweli ni kwamba posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, na kila mpango mpya unawatwika mzigo mwingine. Nalikubali. Kazi ikiongezwa, malipo yaongezwe, na yasitolewe kwenye kikomo cha saratani cha bima ya afya ya taifa, SHA, ambacho bima hiyo ilipoanza Oktoba 2024 kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Kemo na mionzi hukimaliza upesi.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka mhudumu huyo mlangoni. Wapo wagonjwa wanaoficha ganzi kwa hofu kwamba kemo itasimamishwa. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuahirisha duru au kubadilisha dawa, lakini lazima ajue mapema. Mhudumu anayehesabu mazoezi sebuleni atasikia kwamba kikombe kimedondoka tena mkononi, na atapiga simu hospitalini kabla ya dripu inayofuata.