Ghorofa ya chini wapewe mama lishe

MTAA KWA MTAA
Na Zuhura Mbwambo

Mpango wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, una busara moja isiyosemwa vya kutosha: haujidai kwamba utayazuia maji yasije. Katikati ya bonde patachimbwa ili mto upate nafasi, na udongo utumike kuinua kingo za pembeni, ambako utajengwa mtaa mpya wa makazi, maduka na ofisi. Kati ya mtaa na mto itakuwa bustani kubwa. Mvua za masika zikizidi, itakayozama ni bustani.

Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi huu mwaka 2022, na familia nyingi zilizoishi bondeni zimeshalipwa fidia na kuondoka. Swali lililobaki ni mtaa huo utajengwaje, na nani atakaa humo. Kwangu hayo ni swali moja.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na ukifika Jangwani ardhi inalala. Mwendo unapungua, mchanga unatua, na nafasi ya maji chini ya daraja la Barabara ya Morogoro inazidi kubanwa. Huko Salender nako, mvua kubwa ikikutana na bamvu, mto unakosa pa kutokea na maji yanarudi mitaani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Hata hivyo, baada ya hapo tukajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani, na maji yameiingia mara kadhaa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kingo zikiinuliwa kazi imekwisha. Ipo siku maji yatapanda hadi barazani, na jengo lazima liwe linaisubiri siku hiyo.

Ndiyo maana nasema pasilale mtu ghorofa ya chini. Chumba cha kulala kikiingia maji, familia inapoteza godoro, unga, sare za shule na vyeti kwa usiku mmoja. Fremu ya biashara inaweza kujiandaa: sakafu ya saruji, kuta zisizo na mbao wala jipsamu, soketi juu ya kifua, mita za LUKU ghorofani, na dari ndogo ya kupandishia cherehani au magunia ya mchele onyo likitolewa. Maji yakitoka, tope linafagiliwa, kuta zinaoshwa, na chapati zinarudi jikoni. Ngazi zitazame barabara ya juu, ili wa ghorofani watoke bila kukanyaga maji. Vyoo viunganishwe na bomba la majitaka lenye valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Kila mkazi wa bondeni anajua maana ya kutapisha choo wakati wa mvua, na anajua kipindupindu huanzia wapi.

Fremu hizo zikiwa kubwa, zenye vioo na kodi ya Masaki, ubunifu wote huo hauna maana. Atakayezikodi atakuwa na bidhaa zisizobebeka, naye atadai ukuta wa kuzuia maji, na ukuta huo utayasukuma kwa jirani wa Hananasif. Nataka fremu ndogo za mama lishe, fundi cherehani, kinyozi na fundi pikipiki. Hao wameishi na mto huu. Tangu 2015, vijana wa Ramani Huria walipochora ramani za mitaa hii, walishirikiana na wakazi, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji hupita wapi.

Mfano wa kuwarudisha watu tunao, tena hapo jirani. Magomeni Kota ilivunjwa, wakazi wakasubiri miaka mingi, na mwaka 2022 familia 644 zikakabidhiwa ghorofa mpya. Walirudi kwa sababu majina yao yaliandikwa kabla ya tofali la kwanza. Upande wa pili kuna Mabwepande, walikopelekwa waathirika wa 2011. Baadhi walirudi bondeni, kwa kuwa riziki ilibaki mjini. Nauli ya kwenda Kariakoo kila alfajiri ilikula faida yote ya kuuza vitumbua.



Nina ombi kwa TAMISEMI na TARURA, wenye dhamana ya mradi. Kabla kiwanja cha kwanza hakijapata mwekezaji, bandikeni mambo matatu kwenye ofisi za serikali za mitaa za Kigogo, Mchikichini na Magomeni: mchoro wa ghorofa ya chini, kiwango cha kodi ya kila fremu, na orodha ya waliohamishwa wakiwemo wapangaji na wenye magenge, ikionyesha nani ametengewa fremu ipi.