Tambi za Limau na Siagi kwa Mwenye Haraka



Mama mmoja auzaye vitenge karibu na Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, alinisimamisha njiani mwezi uliopita akaniambia kwa upole kwamba ukurasa huu wa mapishi anausoma kila unapotoka, ila aona umeandikwa kwa ajili ya watu wasio na kazi. Pilau yataka saa mbili, biriani yataka nusu siku, na mchuzi wa nazi hauwi mchuzi mpaka nazi imekunwa na kukamuliwa. Yeye hufunga duka saa kumi na moja na nusu, hupita katika msongamano wa watu na mikokoteni mpaka afike nyumbani, na jua la Dar es Salaam halimngoji mtu. Kwa mwaka mzima Magharibi yetu huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro. Naye ni mtu afungaye sunna, Jumatatu na Alhamisi.

Nikamwuliza, basi hufuturu nini? Akasema: tende, chai na mkate, na mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kumi na sita, hupewa fedha akanunue chipsi barabarani. Nilinyamaza. Alhamisi moja kabla ya hapo nilipita kwao baada ya Isha nikamkuta mama huyu amelala juu ya mkeka na viatu miguuni, na kikombe cha chai kimepoa kando yake. Nami wiki ile ile nilikuwa nimeandika namna ya kukaanga vitunguu vya pilau kwa dakika arobaini.

Kwa hiyo leo nitaeleza chakula kisichozidi dakika ishirini na tano tangu kuwasha moto hadi kupakua, yaani tambi ndefu, zile ziitwazo spageti, kwa limau na siagi. Na mpishi niliyemfundisha hakuwa yule mama. Alikuwa ni mwanawe.

Kijana alikataa kwanza. Ua wa nyumba yao ni mmoja na wapangaji ni wengi, na meko yote yamepangwa mahali pamoja. Aliona haya kuinama juu ya sufuria mbele ya wanawake wa nyumba nzima. Nilimkumbusha yale aliyoyapokea Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani: kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Kijana akanitazama, akasema, "Haya, Bibi, nionyeshe." Sikuongeza neno.

Tambi si ngeni kwetu. Hakuna nyumba ya Kiswahili isiyozijua tambi za Iddi, zile nyembamba zinazokaangwa kwa samli hadi ziwe nyekundu, kisha zikapikwa kwa tui au maji, sukari, iliki na zabibu. Hata jina lake ni letu: utambi wa taa na tambi za kula ni neno moja, na atazamaye bakuli la tambi ataona sababu. Wako wadhanio kwamba tambi za chumvi ni jambo la Wataliani peke yao lililotujia kwa pakiti za dukani. Sharifu al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika jumba la Mfalme Roger wa Sisilia, ameeleza kwamba katika mji wa Trabia, karibu na Palermo, zilitengenezwa tambi kwa wingi, kwa jina la Kiarabu itriya, zikapakiwa majahazini na kupelekwa katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Basi mama wa Kariakoo apikaye spageti hajiingizi katika desturi ya watu wengine kama asemavyo shemeji yangu mmoja, ambaye hata hivyo huzila kwa sahani mbili.

Sasa tuje sokoni. Mahitaji ni machache: pakiti moja ya tambi ya gramu 500 kwa watu watano, malimau mawili makubwa, siagi gramu 100, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi.

Juu ya limau nina neno. Wauzaji wengi wa mitaa ya Kariakoo watakupa ndimu ukiomba limau, na limau ukiomba ndimu, kwa kuwa kwao yote ni uchungu wa kukamulia samaki. Hapa yatakiwa limau hasa, lile kubwa la manjano lenye ganda nene, kwa sababu harufu ya chakula hiki imo gandani kuliko katika maji yake. Ndimu ina ukali zaidi, na ganda lake likipata moto huleta uchungu upesi. Asiyepata limau na atumie ndimu mbili kwa maji yake tu, aliache ganda. Lichague limau zito mkononi. Lililo jepesi limekauka ndani. Lioshe vizuri kwa maji ya vuguvugu, maana litakwanguliwa.

Na siagi nayo ina neno, refu kidogo. Dukani kwetu jina siagi hutumika kwa vitu viwili. Kuna siagi ya maziwa, ambayo ni mafuta ya maziwa yaliyosukwa, na mafuta hayo ni kama sehemu nane katika kumi, na sehemu iliyobaki karibu yote ni maji. Na kuna ile ya kopo tupakayo mkate, itengenezwayo kwa mafuta ya mimea. Hii ya pili asili yake ni Ufaransa, mwaka 1869, alipoibuni mkemia Mège-Mouriès kwa shahamu ya ng'ombe na maziwa, kwa kuwa Mfalme Napoleon wa Tatu alitaka kitu rahisi badala ya siagi. Siku hizi nyingi ni za mimea mitupu, lakini mafuta yaweza kubadilika kwa mtengenezaji na mtengenezaji, na ndiyo sababu Mwislamu husoma karatasi ya kopo kabla ya kulipa. Kwa mapishi haya siagi ya maziwa ndiyo yenye ladha. Ikiwa bei yake imeshinda mfuko, changanya nusu kwa nusu. Samli yetu pia yafaa, ila hupunguza harufu ya limau, nami siipendi hapa.

Kijana alitiwa kazini. Maji lita tatu yakabandikwa pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Usizidishe maji. Tambi zinapochemka hutoa wanga, na maji yakiwa mengi wanga huo hupotea. Yakiwa ya kiasi huwa mazito kidogo, na hayo ndiyo tuyatakayo. Wakati maji yakipata moto, alilikwangua ganda la manjano kwa lile bati lenye matundu tukwangulialo karoti, upande wa matundu madogo, akikoma pale penye weupe. Weupe ule ni uchungu mtupu. Kisha akalikamua limau juu ya chujio dogo la chai, maana mbegu za limau letu ni nyingi.

Tambi ziingie maji yanapotokota kwa nguvu, wala zisivunjwe. Zisukume taratibu, zitajikunja zenyewe. Koroga dakika mbili za mwanzo, la sivyo zitashikana. Hesabu dakika nane, kisha onja mmoja. Ukiuma, katikati paonekane pana ugumu kidogo sana. Tambi za ngano ngumu huvumilia. Za unga wa kawaida hulainika mapema, basi anza kuonja dakika ya sita. Kabla ya kumwaga, chota vikombe viwili vya maji yale uyaweke kando. Wapishi wetu wengi husahau hapo, nami mwenyewe nilisahau miaka mingi.

Katika sufuria nyingine, kwa moto mdogo, siagi iyeyuke pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa. Kisibadilike rangi. Tia kikombe kimoja cha maji ya tambi, koroga, na utaona ajabu: mafuta na maji, ambavyo kwa desturi havipatani, vitashikamana na kuwa mchuzi mwepesi kama maziwa. Ni ule wanga unaovishika. Ingiza tambi, pindua kwa dakika mbili, ongeza maji kidogo zikikauka. Halafu epua. Zikiisha kuepuliwa, ndipo utie ganda lililokwanguliwa, maji ya limau kijiko baada ya kijiko huku ukionja, na pilipili manga.

Kijana hakuepua. Alimimina limau lote kwa pamoja sufuria ikiwa motoni, akaacha mpaka ikatokota. Harufu ikapotea, ikabaki ukali uliomfanya bibi mmoja wa ua ule akunje uso na kuuliza kama tumetia siki. Mzee mpangaji wa chumba cha mbele, aliyeletewa sahani kwa heshima, aliomba sukari, kwa kuwa kwake tambi ni za Iddi. Tulizila vivyo hivyo. Jumatatu iliyofuata akarudia peke yake, na nikakaa mbali.

Kuhusu halali: mapishi kama haya yakitoka katika vitabu vya Ulaya mara nyingi huagiza mvinyo. Uache, maji ya tambi na limau hutosha kabisa, wala hapana kitu kitakachokosekana. Huagiza pia jibini ngumu ya Parma, ambayo hugandishwa kwa kitu kitolewacho tumboni mwa ndama. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya jibini ya namna hiyo ikiwa mnyama hakuchinjwa Kiislamu. Ziko jibini zinazogandishwa kwa njia nyingine, na karatasi yake husema hivyo. Mimi huiacha nikatia samaki: changu wa Feri aliyechomwa, akachambuliwa miiba, akachanganywa mwishoni. Limau na samaki ni ndugu wa siku nyingi. Nyama ya kuku iliyobaki mchana pia yafaa, na mwenye kutaka mboga na atie mchicha uliokatwa mdogo dakika ya mwisho ya kuchemsha.

Imebaki saa. Tambi hizi hazingoji. Zikikaa robo saa hugandamana kama kamba. Kwa hiyo usizipike kabla ya adhana. Mpango wa nyumba ile sasa ni huu: kijana hubandika maji robo saa kabla ya Magharibi, na limau limekwisha kwanguliwa. Adhana ikisikika kutoka Mtoro na Manyema, mama hufungua kwa tende na maji, moto hupunguzwa, naye kijana huenda msikitini. Akirudi huongeza moto, na tambi huingia majini. Mama hupata muda wa kusali na kupumzisha miguu.

Alhamisi iliyopita nilialikwa. Mama alikula kimya hadi nusu ya sahani, kisha akauliza limau lilinunuliwa kwa nani, kwa kuwa la safari hii lilikuwa na maji mengi. Kijana akamtajia muuzaji, na bei. Mama akasema amepunjwa, na kwamba kesho watakwenda wote wawili.