Damu Mmechukua, Majibu Yarudi

Julai 2025 jina la Kwale lilisikika ulimwenguni kwa habari njema. Utafiti wa BOHEMIA, uliofanywa hapa na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona pamoja na KEMRI-Wellcome Trust, ulionyesha kwamba dawa ya ivermectin, ikimezwa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, ilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa asilimia 26 miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15, ukiwalinganisha na wa vijiji vilivyopewa dawa ya minyoo. Mbu akimnyonya aliyemeza dawa hiyo, hufa. Waliomeza ni watu wetu. Habari yenyewe ilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la madaktari la Marekani.

Hatuna ugomvi na utafiti huo. Tunayemtetea ni mama wa kijijini ambaye mwanawe alichomwa kidole mwezi baada ya mwezi. Kuijua ile asilimia 26, na kujua iwapo dawa hiyo itafika zahanati ya kwao, ni haki yake. Haifai haki hiyo itegemee wema wa mtafiti mmoja mmoja.

Kwale imepimwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1980 wanafunzi wa Msambweni wamekuwa wakipewa vikombe vya kukojolea ili watafiti wahesabu mayai ya kichocho. Aliyekuwa darasa la nne wakati huo leo ana wajukuu, na wajukuu hao bado wanaogelea kwenye vidimbwi vyenye konokono walewale wanaoueneza ugonjwa huo. Makala za kisayansi zimeandikwa kwa mkojo wa vizazi viwili. Kichocho hakijaondoka. Mtu akikuambia amechoka kupimwa, usimwite mjinga.

Tumeona dodoso linavyojazwa. Kijana mwenye kishikwambi anabisha hodi, anakaribishwa mkeka, anasoma fomu ya ridhaa ya kurasa kadhaa kwa haraka, kwa Kiswahili ambacho kingemkwamisha hata mwalimu. Bibi anatia kidole gumba kwenye wino. Tone la damu linadondoshwa kwenye karatasi, karatasi inatiwa mfukoni. Bibi anauliza, "Majibu ni lini, mwanangu?" Kijana anajibu kwa adabu kwamba yeye ametumwa tu. Pikipiki inaondoka. Katika mwanya huo ndimo uvumi wa mumiani huingia, na ukishaingia, hata chanjo ya watoto hutiliwa shaka.

Lakini hapa hapa kwetu tumeona pia kazi ikifanywa vizuri. Ukivuka barabara ya ufuo wa Diani kutoka upande wa hoteli kuelekea Ukunda, utaona maji yakinunuliwa kwa mtungi na kuwekwa kwenye mapipa na ndoo uani. Ndimo anamotaga Aedes, mbu anayeuma mchana na kueneza dengi na chikungunya. Timu ya Desiree LaBeaud wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliyokuwa ikichunguza virusi hivyo, haikuishia kwenye damu. Viluwiluwi vilihesabiwa chombo kwa chombo, akina mama na watoto wakaulizwa kila chombo kina kazi gani. Ikabainika kwamba mbu wengi hutoka kwenye vitu visivyo na kazi yoyote: matairi, makopo, ndoo zilizopasuka, vitu ambavyo mvua huvijaza bila mtu kutaka. Mjadala ukahama kutoka kwa virusi ukaja kwenye taka. Hilo ni jambo ambalo mwenye nyumba anaweza kulishughulikia leo jioni, na ambalo kaunti inaweza kulishughulikia kwa lori la taka na maji ya mfereji yasiyokatika.

Angeulizwa tangu mwanzo, mkazi wa Ukunda angesema maji na taka kabla ya kutaja homa. Ndiyo maana swali la utafiti lipitie barazani kabla halijapelekwa kwa mfadhili, na tathmini ya mradi isiandikwe na waliolipwa kuuendesha peke yao. Majirani zetu wa Kilifi wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi ili kuzungumza na watafiti wa KEMRI. Mpango huo una kasoro zake, lakini upo.

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Serikali ya Kaunti ya Kwale na bunge lake waweke sharti la wazi: hakuna idhini mpya ya utafiti kwa kundi ambalo halijasoma matokeo yake ya awali kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili na kwa Kidigo au Kiduruma, mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Nakala ya kurasa mbili ibandikwe kwenye ukuta wa zahanati. Gharama yake haifiki tiketi moja ya ndege ya kwenda kongamano.

Nawe mkazi, watakapobisha hodi wakaribishe, maana tunauhitaji utafiti. Ila kabla ya kutia kidole gumba, uliza majibu utayapata wapi na mwezi gani, na jibu hilo liandikwe kwenye fomu.