Je, Mcheza Ngoma ni Mvivu?

Kuna neno moja lisemwalo mara nyingi mabwenini, na hata majumbani kwa wazazi wetu hapa Misungwi, nalo ni hili: mwanafunzi apendaye ngoma ni mwanafunzi aliyeshindwa masomo. Husemwa kwa mzaha, lakini mzaha ukirudiwa kila siku hugeuka kuwa imani. Mimi ni mmoja wa kikundi cha ngoma, tena niko Kidato cha Nne, na mwezi wa Novemba nitakaa katika chumba cha mtihani pamoja na wenzangu. Kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kulijibu neno hilo. Jibu langu ni kwamba mcheza ngoma si mvivu hata kidogo, bali afanya kazi ambayo watu wengi hawaioni. Tena nasema kwamba sisi sote, yaani walimu, wazazi na wanafunzi, tumezoea kuifurahia kazi hiyo bila kuigharimia.

Kwanza natoa mfano wa mbali, maana cha mbali hutusaidia kukiona cha karibu. Huko Ulaya kuna densi iitwayo balei. Ilianzia katika majumba ya wakubwa wa Italia, ikakuzwa Ufaransa, ambako Mfalme Louis XIV aliunda chuo cha densi mwaka 1661. Ndiyo sababu hata leo majina ya hatua zake ni ya Kifaransa, hata kama mwalimu ni Mrusi au Mkenya. Mtazamaji humwona msichana amesimama juu ya ncha za vidole vyake kama kwamba hana uzito, akadhani ni jambo jepesi. La, hasha! Kiatu kile kimetengenezwa kwa tabaka za nguo na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na ndani yake vidole hubeba mwili mzima. Mtoto hapewi kiatu hicho siku ya kwanza. Aghalabu hungoja mpaka afikie umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, baada ya miaka kadha ya mazoezi, ili mifupa na misuli yake iwe na nguvu. Kila siku huanza na yale yale: hushika mwamba wa mbao ulio ukutani, akakunja magoti, akanyosha mguu, akarudia. Hata mchezaji mashuhuri huanza siku yake hivyo hivyo. Na baada ya taabu hiyo yote, wengi huacha jukwaa kabla ya kutimiza miaka arobaini, maana mwili hukataa.

Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini jirani zetu wa Kenya wametuonyesha vingine. Huko Nairobi, katika mtaa wa Kibera, watoto wamejifunza balei ndani ya darasa la shule. Madawati hutolewa nje, sakafu hufagiwa, wakacheza. Mwalimu wao, Michael Wamaya, mwaka 2017 aliingia katika walimu kumi wa mwisho walioshindania Tuzo ya Mwalimu ya Dunia. Na kijana Joel Kioko, aliyekulia katika mtaa wa Kuwinda jijini humo, alifanya mazoezi hata akapata nafasi katika English National Ballet School mjini London. Hakufika huko kwa bahati ya mchezo wa karata, ila kwa kurudia hatua moja mara mia wakati vijana wa rika lake walipokuwa wakipumzika.

Tumkumbuke pia Michaela DePrince. Alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, akawapoteza wazazi wake wakati wa vita, akachukuliwa na familia moja ya Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliambiwa kwamba Marekani haiko tayari kwa msichana mweusi mcheza balei. Hakuacha. Aliendelea mpaka akacheza katika kundi la balei la taifa la Uholanzi, mjini Amsterdam. Alifariki Septemba 2024, akiwa na miaka 29 tu, na watu wengi duniani walimlilia.

Sasa turudi kwetu Usukumani. Wazee wetu hawakuwa na mwamba wa mbao ukutani, lakini walikuwa na shule yao ya ngoma, na shule hiyo ilikuwa kali. Twajua habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani tangu zamani, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni watu wawili, Ngika na Gumha. Kila mwaka, mwezi wa Juni, vikundi hukutana Bujora, karibu na Kisesa, katika sikukuu ya Bulabo. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda kwa yule awavutiaye. Chenye watu wengi ndicho mshindi. Hebu fikiri, msomaji: hakuna mwamuzi wa kumlalamikia. Watu wakikupa mgongo, umeshindwa, tena mbele ya kijiji chako. Je, mvivu aweza kusimama katika uwanja kama huo?

Tazama tena ngoma ya Bugobogobo, ile ya majembe. Ilitoka shambani, vijana walipolima pamoja kwa kufuata mdundo. Mchezaji hurusha jembe, akalizungusha, akalidaka bila kuipoteza hatua. Jembe lile si karatasi. Likimponyoka laweza kumpasua mguu yeye au mwenziwe. Na wale Bayeye huchezea nyoka hai, ambao yawapasa kwanza kujua tabia zao. Mambo haya hayafundishwi kwa siku mbili. Yataka manju mwenye subira na mwanafunzi mwenye utii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi na tuseme wazi gharama alipayo mwanafunzi wa shule ya bweni akiwa mchezaji. Gharama ya kwanza ni wakati. Sisi huamka kabla ya mapambazuko, tukafanya usafi, tukaingia darasani mpaka alasiri, kisha kazi za mikono, na usiku masomo ya binafsi. Mazoezi ya ngoma huingia wapi? Huingia katika muda wa kupumzika, au wa kufua, na mara nyingine katika muda wa kusoma. Katika shule nyingi, mgeni rasmi akitarajiwa, kikundi huitwa kwa haraka, hufanya mazoezi siku kumi mfululizo, ili kicheze dakika saba mbele ya mgeni. Mgeni hupiga makofi, hupanda gari lake, huenda zake. Mchezaji hubaki na daftari lenye kurasa tupu za siku kumi.

Gharama ya pili ni mwili. Ugali na maharage ya mchana ni yale yale kwa aliyekaa na kwa aliyeruka saa nzima juani. Uwanja wenyewe una changarawe. Kifundo cha mguu kikiteguka, huambiwa apake maji ya moto. Wenzetu wa mpira walau wana mwalimu wa michezo ambaye huwaamuru kupasha mwili kabla ya kucheza. Sisi hupashwa na ngoma yenyewe.

Gharama ya tatu ni jina, na hii ndiyo huumiza kupita zote. Mvulana akicheza huitwa mhuni. Msichana akicheza huitwa vibaya zaidi, na nyumbani mjomba huuliza kama alipelekwa shule kusoma au kukata kiuno. Ajabu ni kwamba mjomba yule yule, siku ya harusi, huwa wa kwanza kutunza wachezaji.

Hapa sipendi nieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila taabu ni njema kwa kuwa ni taabu. Hata huko kwa wenye balei, jambo hili limewatokea puani. Mwaka 2019, uchunguzi kuhusu chuo cha balei cha Opera ya Taifa mjini Vienna ulikuta kwamba watoto hawakulindwa ipasavyo. Mwaka 2023, shirika la BBC lilitangaza habari za waliokuwa wanafunzi wa shule kubwa za balei za Uingereza, walioeleza jinsi walivyosimangwa kwa sababu ya miili yao, hata wengine wakaogopa kula. Hiyo si kujinyima kwa ajili ya sanaa, ni kuumizwa. Mwanafunzi hujinyima kwa hiari, akijua anachokitafuta, na mwalimu wake humwambia lini apumzike. Anayeumizwa hunyamazishwa, na maumivu yake huitwa bidii. Yatupasa kuyatenga mambo haya mawili, sisi tulio katika ngoma kuliko mtu mwingine yeyote, maana kijana mwenye hamu ya kusifiwa ni mwepesi wa kudanganywa.

Tena siwaambii wenzangu waache vitabu. Nchini mwetu kuna mahali pa kusomea sanaa hii. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ijulikanayo kama TaSUBa. Lakini mlango wa astashahada katika vyuo vyetu hufunguliwa kwa cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu wa masomo manne. Kwa hiyo mchezaji anayetoroka hesabu akidhani ngoma itamwokoa, anaukata mti alioukalia. Na kwa kuwa wachezaji ni wengi na nafasi ni chache, asiyefika jukwaani atahitaji kazi nyingine ya kumlisha. Kitabu si adui wa ngoma.

Vilevile ngoma si adui wa kitabu. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Tanganyika, alisikitika kwamba wengi walijifunza kucheza waltz na foxtrot, huku wengi wao wakiwa hawajapata hata kuisikia Gombe Sugu au Kiduo. Mwaka huo huo Serikali iliunda wizara ya kushughulikia utamaduni. Zaidi ya miaka sitini imepita. Sanaa za Maonyesho ni somo linalotahiniwa Kidato cha Nne, lakini ni shule ngapi hulifundisha? Nasi twasema twaupenda utamaduni wetu, ila twaupenda siku ya mgeni tu.

Ni nini basi kifanyike? Sitaki mambo makubwa yenye kuhitaji fedha nyingi. Nataja manne.

Kwanza, kikundi cha ngoma kiwe na siku zake mbili za mazoezi kila juma, zikiandikwa katika ratiba ya shule kama zilivyo za mpira. Mgeni akija, kicheze kile kilichokwisha kujifunza. Muda wa masomo ya usiku usiguswe.

Pili, wanafunzi wa Kidato cha Nne waachiliwe katika muhula wa mtihani, na nafasi zao zichukuliwe na wa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Hivyo ujuzi utarithishwa, wala hautaondoka pamoja nasi.

Tatu, pawe na mwalimu mmoja mwenye dhamana, apataye habari za anayeumia, na sanduku dogo lenye bandeji. Wasichana wawe na mwalimu wa kike wa kumwambia shida zao. Na mara moja kwa muhula aitwe manju mmoja kutoka vijijini mwetu atufundishe. Wapo wengi, nao hawahitaji nauli ya kutoka Dar es Salaam.

Nne, wazazi wakialikwa shuleni, waje waione ngoma yenyewe, kisha watuulize ilitugharimu nini, kabla ya kutuuliza kwa nini tunacheza.

Kwa wenzangu tulio katika kikundi nina neno pia. Tusiifanye ngoma kichaka cha kujifichia. Akishindwa mmoja wetu katika mtihani, watasema ni ngoma, na mdogo wake aliye Kidato cha Kwanza hataruhusiwa kuigusa. Kila mmoja wetu hucheza kwa niaba ya wale watakaotufuata.

Karibu na hapa, Kigongo, daraja la kwenda Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji. Wavukao husifu barabara iliyo juu. Nguzo zilizozama ziwani hawazioni, wala hawaziulizi habari zake, ingawa ndizo ziwabebazo. Kazi ya mchezaji iko hivyo hivyo: dakika saba ni barabara, na miezi ya mazoezi ni nguzo.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza lina maana mbili katika lugha yetu. Maana moja ni kumpa mtu zawadi anapocheza, na hiyo twaijua sana. Maana nyingine ni kumhifadhi mtu, kumlinda, kumwangalia asiharibike. Nawaomba walimu na wazazi watutunze kwa maana hii ya pili kwanza. Ile zawadi yaweza kungoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne