Pikipiki za umeme zije Ngara zikilia

Milima ya Ngara humfundisha mwenda kwa miguu kutumia masikio. Semitrela inayopanda kutoka Rusumo kwenda Benaco husikika ikibadilisha gia kabla haijachomoza kwenye kona, na Fuso linaloshuka hujitangaza kwa ekzosi breki. Anayetisha ni bodaboda aliyezima mashine kwenye mteremko ili kubana petroli, akaiacha pikipiki iteremke yenyewe, abiria nyuma amekumbatia dumu. Huyo hasikiki mpaka apige honi, na honi ikilia mtu tayari yuko mtaroni na beseni lake la ndizi.

Sasa vyombo vinavyotembea kimya hata kwenye tambarare viko ng'ambo ya daraja la Rusumo, nchini Rwanda. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme mwaka 2019, na serikali ya Rwanda ikatangaza kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria mjini humo zisajiliwe tu zikiwa za umeme. Wilaya za Ngara na Biharamulo, upande wa Tanzania, zimelala kwenye barabara hiyohiyo inayotoka Kigali kwenda Kahama. Kinachotamba upande ule hakitahitaji miaka mingi kufika Nyakanazi, huku Biharamulo.

Wala Ngara si mtazamaji tu wa mambo haya. Mitambo ya maporomoko ya Rusumo inazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kabanga kuna nikeli, madini yanayotumika kutengeneza aina kadhaa za betri za magari ya umeme, na leseni ya mgodi huo ilitolewa mwaka 2021 kwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16. Wilaya yenye umeme na madini ya magari yasiyolia ina haki ya kuuliza watoto wake watayasikiaje.

Jibu la kiufundi lipo, tena ni la zamani kidogo. Agosti 2010 Toyota ilianza kuuza Japani kifaa cha kufungwa kwenye magari yake ya mseto aina ya Prius ambayo tayari yalikuwa barabarani. Bei yake ilikuwa yeni 12,600 bila gharama za fundi. Ni spika isiyoingia maji upande wa mbele, pamoja na kisanduku kinachosoma mwendo wa gari na kutoa mlio unaopanda kadiri gari linavyoongeza kasi. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo: sikio halitaki kuambiwa tu kwamba kuna gari, linataka kujua kama linasogea, linapunguza au linaongeza. Mlio wa aina moja usiobadilika haumsaidii mtu kuamua avuke au asubiri.

Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2016, iliweka vipimo: angalau desibeli 50 gari likiwa kwenye kilometa 10 kwa saa, 56 kwenye kilometa 20, na 47 linaporudi nyuma. Haliruhusiwi kuzidi 75. Kwa kadirio, hizo 56 ni sauti ya watu wawili wanaoongea bila kubishana, kwa hiyo anayehofia kwamba vijiji vitakosa usingizi atulie. Ukivuka kilometa 20 matairi yenyewe huanza kuvuma. Ulaya ililazimisha kifaa hicho kwa magari yote mapya ya umeme kuanzia Julai 2021. Marekani, ambako vyama vya wasioona ndivyo vilivyopiga kelele mpaka Bunge likasikia, mamlaka ya usalama barabarani ilikadiria kuwa kanuni yake ya namna hiyo ingezuia majeruhi 2,400 kila mwaka.

Tatizo ni kwamba kanuni namba 138 iliandikwa kwa ajili ya magari ya abiria na ya mizigo. Pikipiki haimo. Na kwa Ngara na Biharamulo, chombo cha umeme kitakachotangulia kufika kijijini hakitakuwa gari la kifahari, kitakuwa pikipiki.

Tusichanganye kifaa hiki na ndugu yake mwenye majivuno. Ulaya kuna spika zinazofungwa chini ya gari la dizeli ili lingurume kama injini ya silinda nane, na Audi iliwahi kuweka kitu cha namna hiyo kiwandani mwaka 2012. Kwetu kingepata wateja: Probox ya abiria ikiingia Biharamulo mjini kwa ngurumo ya V8, nusu ya watu wangedhani mkubwa fulani amekuja kukagua mradi. Vijana wanaotoboa sailensa za pikipiki zao wameshafika huko bila umeme wowote, na kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele zinatosha kuwashughulikia pale zinaposimamiwa.

Kinachohitajika ni kidogo na cha bei nafuu. Fikiria stendi ya Nyakanazi, mabasi yakirudi nyuma, wauza mayai na karanga wakikimbilia madirisha, bodaboda wakipenya katikati kwa mwendo wa kutembea. Hapo ndipo kilometa 10 kwa saa inapoumiza mtu. Fikiria pia Rusumo, ambako dereva anayetoka Rwanda anahama kutoka kulia kwenda kushoto mwa barabara. Anayevuka mpaka kwa miguu akitazama upande aliouzoea husaidiwa na sikio tu.

Shirika la Viwango Tanzania linaweza kuandika kiwango cha pikipiki na bajaji za umeme kabla hazijajaa: mlio usiozimika kwa swichi, unaopanda na mwendo, wenye kikomo cha juu ili usigeuke disko. Zitakazoingia kwa magurudumu yake kupitia Kabanga na Rusumo zikaguliwe hapohapo mpakani, na ambazo zimeshaingia zipewe muda wa kufungiwa. Fundi anayeweza kufunga alamu na redio kwenye pikipiki hashindwi na spika moja na waya wa kusoma mwendo. Gharama yake ibebwe na muuzaji, si na kijana wa bodaboda anayelipa pikipiki kwa mkataba wa kila siku, maana huyo akiachiwa atauchomoa waya wiki ya kwanza ili betri imfikishe Lusahunga na kumrudisha.