Tuliisifu bia chapwa

Juma lililopita tulikuwa watu watano kwenye nganda moja karibu na chuo, wote wanafunzi wa lugha, tukimsherehekea mwenzetu aliyemaliza kutetea kazi yake. Akaagiza chupa moja ya bia ya ng'ambo. Bei yake ilitosha Simba tatu. Kijana aliyetuhudumia akaiweka mezani kwa mikono miwili: "Ba yaya, hii ni ya ku Bulaya, munywe polepole."

Tukanywa polepole. Ilinuka karatasi iliyolowa, na nyuma yake uvundo fulani. Povu lilikufa kabla hatujagonganisha bilauri. Basi mmoja akasema, kwa Kifaransa, kwamba ni bia "fine". Wa pili akaongeza kwamba ina "caractère". Nami, naona haya kuandika, nikatikisa kichwa kukubali.

Aliyeipika huenda hana kosa. Bia ya Ulaya ikifika Lubumbashi imekwisha kuvuka bahari, ikapanda lori kutoka bandari kama Durban au Dar es Salaam, ikangoja foleni Kasumbalesa. Joto na siku nyingi huizeesha bia, ndiyo ile harufu ya karatasi. Tena chupa hii ilikuwa ya kijani, ikawekwa mahali pa heshima, dirishani kwenye jua. Mwanga ukipita kwenye kioo cha kijani huharibu hopsi, na bia huanza kunuka. Simba hutengenezwa hapahapa mjini, haina safari ya kuizeesha.

Kinachonisumbua ni sisi. Watu watano wanaosomea maneno walikimbilia Kifaransa ili wasiseme walichokionja. Nilipomweleza asistanti mmoja, alijibu kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuonja vinywaji. Mukubwa, kwa heshima, sikubali. Chapwa ni neno. Dufu ni neno. Kuchacha, kuvunda, ukakasi, uchachu: yote haya tunayo, na kila moja lina kazi yake. Nendeni sokoni kwa mama anayeuza munkoyo. Yeye hupika uji wa mahindi, hutia mizizi iliyopondwa, huuacha ulale, na asubuhi huonja kijiko kimoja tu akajua kama uuzwe leo au ungoje. Hajawahi kukosa neno la kumweleza binti yake kasoro iko wapi. Na munkoyo wake ukiwa mbaya, mteja wa kwanza atamwambia usoni.

Sisi tungemwambia pia, maana ni munkoyo, si kitu cha ku Bulaya. Hapo ndipo penye ubaya: ulimi ulikuwa unaonja vizuri kabisa, maneno yalikuwepo, lakini karatasi ya chupa ilituziba midomo. Najiuliza ni vitabu vingapi tumevisifu hivyo hivyo katika kazi zetu za mwaka.

Chini ya chupa kulibaki robo. Mwenye sherehe akauliza nani anamalizia. Kimya. Akacheka, akaisukuma pembeni, akamwita kijana alete Tembo tano.